Draiva za beta: msitufungulie mlango wa kuingia usio na wa kutokea

Leo naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba mimi ni wa kuisifia Linux mpaka watu wanachoka. Leo sisifu. Leo nataka tusemezane kuhusu draiva za beta za kadi za picha, na namna mbaya tunavyogawiwa sisi tunaotumia Linux kwenye kompyuta za mezani na laptopu.

Naanza na kisa, halafu lawama.

Hapa Burnt Forest, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, kuna mama mmoja mwenye saiba ndogo. Kompyuta tano za mitumba, printa moja na mashine ya fotokopi, basi. Wateja wake ni wakulima wa viazi na mahindi, walimu, na vijana wanaotafuta kazi. Mwaka 2022 ndimi niliyemshauri aachane na Windows ya wizi iliyojaa virusi vya flashi, nikamwekea Linux. Mashine zikawa nyepesi, virusi vikaisha, nami nikawa napewa chai ya bure kila nikipita.

Mwezi wa Juni 2023 akalalamika kwamba video zinakatikakatika kwenye mashine tatu, zote zenye kadi ya picha ya aina moja. Nikasoma mtandaoni kwamba kuna draiva mpya, ya beta, inayotibu ugonjwa huo. Nikaongeza hifadhi ya kando, nikabandika amri tatu, nikawasha upya. Kweli bwana, video ikateleza! Nikafanya vivyo hivyo kwa mashine zote tatu kwa mkupuo mmoja, nikanywa chai, nikapanda matatu kwenda Nairobi kikazi.

Siku chache baadaye stima ikapotea. Iliporudi, mashine zikawashwa upya. Kumbe zilikuwa zimejisasisha na kuweka kerneli mpya bila mtu kujua, na draiva ile ya beta haikukubaliana nayo. Skrini nyeusi tii. Zote tatu. Na ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni! Kila Mkenya mwenye PIN ya KRA anajua maana ya tarehe 30 Juni: ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru, na saiba hujaa watu hadi nje.

Nikapigiwa simu.

"Mama, izime uiwashe tena, halafu shikilia Shift."

"Nimeshikilia, kijana wangu."

"Unaona menyu?"

"Naona giza."

"Basi jaribu Esc, lakini uwahi kabla haijaanza kuwaka."

"Nitawahi vipi kitu nisichokiona?"

Nilirudi kesho yake jioni, nikazirekebisha zote kwa muda usiofika saa moja. Lakini wateja wa siku mbili walikuwa wameshahamia kwingine. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu: "Hicho kitu ulipokiweka, ulikuwa unajua kitatoka vipi?"

Sikuwa najua. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, naandika programu kila siku ya Mungu, na sikuwa nimejiuliza swali hilo.

Basi kosa la kwanza ni langu, nimelikubali. Sasa niacheni niseme la pili.

Kwa wageni wa mambo haya: draiva ninayoizungumzia si yule wa matatu. Ni programu inayoiwezesha kerneli, yaani moyo wa mfumo, kuongea na kifaa. Draiva ya printa ikifa, unapata ujumbe kwamba printa imekufa. Draiva ya sauti ikifa, unakaa kimya lakini unaona. Draiva ya picha ikifa, hata ujumbe wa kukuambia kwamba imekufa huwezi kuusoma. Draiva hii si kama nyingine. Kosa lake linakunyang'anya chombo kilekile cha kurekebishia kosa.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja, nanyi mnaweza kuacha kusoma baada ya sentensi hii mkitaka: draiva ya picha ya beta ni salama pale tu ambapo njia ya kurudi haihitaji macho. Onyo pekee halitoshi, wala ukurasa wa maelekezo, wala rafiki kwenye simu.

Najua majibu nitakayopewa, maana nami niliwahi kuyatoa.

La kwanza: "Beta si ya kila mtu. Ifungiwe mbali, waitumie mafundi." Jibu hili linapendeza lakini haliwafahamu watu. Mtu haendi kutafuta beta kwa kupenda hatari. Anaenda kwa sababu laptopu yake mpya haiitambui skrini ya nje, au mchezo haufunguki, au video inakatika kama za yule mama. Ukimfungia mlango anapitia dirishani: anafungua video ya mtu asiyemjua, ananakili amri zinazoanza na sudo, anabandika, anaomba Mungu. Mwingine anapakua faili la .run kutoka tovuti ya mtengenezaji na kulipachika juu ya vifurushi vya distro yake, na siku ya kusasisha vyote viwili vinapigana. Hatari haikuondolewa, imehamishwa tu mahali pasipo na mtu wa kuilinda.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wa nchi tajiri hawalifikirii. Nani anayejaribu draiva za beta leo? Mara nyingi ni mtu mwenye kadi mpya, stima isiyokatika na intaneti isiyo na kipimo. Nani asiyezijaribu? Mwenye mashine ya mtumba ya mwaka 2013 hapa kwetu. Basi makosa ya mashine mpya yanagunduliwa wakati wa beta, na makosa ya mashine zetu yanagunduliwa baada ya draiva kuitwa imara, na sisi ndio tunaoyagundua, siku ya kazi, mbele ya wateja. Kutufungia nje ya beta si kutulinda. Ni kuahirisha ajali yetu.

Jibu la pili: "Mlionywa." Ndiyo, tulionywa. Lakini tusichanganye onyo na usalama. Ukiweka kibao "Barabara mbovu mbele" hujatengeneza barabara.

La tatu: "Ni kazi kubwa, na wengi wetu tunajitolea." Hili nalisikiliza kwa heshima, maana wanaojitolea wametubeba sana. Lakini tuangalie historia, tuone kama kweli kazi hii ni mpya kiasi hicho.

Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004, kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta mpaka Afrika, na wengi waliifahamu Linux kwa CD hizo hadi mpango ule ulipofungwa mwaka 2011. Mwaka 2007, toleo la 7.04 likaja na dirisha la kuchagua draiva za kampuni kwa kubofya badala ya kuandika amri. Mwishoni mwa 2012, Valve ilipoanza kuijaribu Steam kwenye Linux, Ubuntu iliweka draiva za NVIDIA za majaribio ndani ya dirisha hilohilo, zikiwa na neno "experimental" kwenye jina lake. Umesoma vizuri: mwaka 2012! Mtu wa kawaida angeweza kuchagua draiva ya majaribio palepale alipochagulia ya kawaida. Mwaka 2015 ikaanzishwa hifadhi maalumu ya kando, ile PPA ya graphics-drivers, ili wapenzi wa michezo wasilazimike kupapasa mtandaoni. Na mwaka 2019, draiva mpya za NVIDIA zikaanza kuletwa kwenye matoleo ya muda mrefu kwa njia rasmi ya kusasisha, huku toleo la 19.10 likizibeba ndani ya faili lake la kusakinishia.

Hayo yote ni mazuri na nawapongeza. Lakini angalieni yote yanahusu nini: kuingia. Kila hatua ilirahisisha kuingia. Kurudi kukabaki kulekule. Ukiiondoa PPA kwenye orodha, draiva uliyoiweka haiondoki nayo. Inabaki palepale, na wala hairudi kwenye toleo la zamani mpaka ujue kwamba kuna chombo kiitwacho ppa-purge, ukitumie, kwa kuandika, kwenye skrini usiyoiona.

Sasa niwaulize: umewahi kubadilisha ukubwa wa picha kwenye skrini yako? Mfumo unabadilisha, halafu unakuuliza kama unataka kubaki hivyo, na sekunde zinahesabiwa. Usipojibu, unarudisha ulivyokuwa. Kwa nini? Kwa sababu aliyeitengeneza alijua kwamba huenda huoni. Kimya chako amekihesabu kuwa ni hapana. Kitu hicho kipo kwenye Windows na kwenye Linux tangu nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa iweje kubadilisha ukubwa wa picha kuwe na ulinzi huo, na kubadilisha draiva yote inayoleta picha kusiwe nao?

Usiseme haiwezekani. Chukua simu yako mfukoni. Kama ni Android, ndani yake kuna kerneli ya Linux. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu inaweza kuwa na nafasi mbili za mfumo: moja unaitumia, nyingine inapokea toleo jipya. Simu ikishindwa kuwaka kwa toleo jipya, inarudi yenyewe kwenye lile la zamani. Hakuna anayeambiwa "shikilia Shift". Kwenye kompyuta nako vipande vipo: openSUSE inakuruhusu kuchagua picha ya jana ya mfumo kwenye menyu ya kuwashia, Fedora Silverblue inahifadhi mfumo uliotangulia, na systemd imekuwa na uwezo wa kuhesabu majaribio ya kuwaka tangu mwisho wa 2018, ili mfumo ukishindwa mara kadhaa utumie ule wa awali. Matofali yapo. Nyumba ndiyo haijajengwa kwa ajili ya draiva za picha.

Sasa lipo suala la pili: nani apewe kwanza. Mimi nilizipa mashine tatu zote kwa siku moja, na hilo ni kosa ambalo mkulima yeyote wa hapa asingelifanya. Anayeletewa mbegu mpya ya viazi anaipanda pembeni kwanza, mistari michache, aone mvua na baridi ya hapa vitaifanya nini, kabla ya kuipa shamba zima.

Na wala si wakulima tu. M-Pesa tunayojivunia haikushushwa kwa nchi nzima siku moja. Mwezi wa Oktoba 2005 Safaricom ilianza na majaribio ya wateja takriban 500, wakopaji wa Faulu Kenya, katika maeneo machache ya Nairobi na Thika. Walifunzwa, walifuatiliwa, na waliokuwa wakiwaangalia waligundua kwamba watu wanaitumia huduma hiyo kwa mambo ambayo haikukusudiwa. Ilikusudiwa kulipia mikopo. Watu wakawa wanatumiana pesa. Huduma ikapangwa upya, ndipo ikazinduliwa rasmi Machi 2007. Hiyo ndiyo beta! Watu wachache, wanaojua kwamba wanajaribu, na mtu wa kuwasikiliza.

Kinyume chake tulikiona tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa programu yake inayofanya kazi ndani ya kerneli ya Windows. Halikuwa beta, lakini somo ni lilelile: lilikwenda kwa wengi kwa pamoja, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 ziliangushwa. Ndege zilikwama, hospitali zilikwama. Na kwa kuwa mashine nyingi hazikuweza kuwaka, mafundi walilazimika kuzifikia moja baada ya nyingine na kufuta faili kwa mkono. Baada ya hapo kampuni ikasema itakuwa ikituma masasisho hayo kwa awamu. Baada ya hapo!

Ubuntu kwa upande wake imekuwa ikituma masasisho ya kawaida kwa awamu tangu 2013: asilimia 10 ya watumiaji kwanza, na taarifa za kuanguka kwa programu zikizidi, sasisho linasimamishwa. Lakini ukishaenda kuchukua draiva ya beta kwenye hifadhi ya kando, unaipata nzima, siku hiyohiyo, wewe na wenzako wote. Yaani kilicho imara kinatumwa kwa tahadhari, na kisicho imara kinamwagwa kama maji ya mtaro. Nani alipanga hivi?

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyadai kwa watengenezaji wa distro, na kwa NVIDIA, AMD na Intel wanaotengeneza kadi zenyewe.

Moja. Draiva ya beta iwe kwenye dirisha lilelile la draiva nyingine, imezimwa mpaka mtu aiwashe, na maneno yawe ya kibinadamu, yakiwemo ya Kiswahili: kadi yako ni ipi, draiva uliyonayo ni ipi, hii mpya inatibu nini, na itakula megabaiti ngapi. Faili la draiva ya NVIDIA siku hizi linapita megabaiti 300. Kwa mtu wa bando hilo si jambo dogo.

Mbili. Draiva ya zamani isifutwe. Ibaki kwenye diski mpaka ile mpya iwe imewaka salama mara kadhaa. Kurudi kusihitaji intaneti, kwa sababu bando linaweza kuwa limekwisha.

Tatu. Baada ya kuwasha upya, mfumo uulize: "Unaona maneno haya?" Kimya kihesabiwe kuwa ni hapana, na mashine ijirudishe yenyewe.

Nne. Kerneli mpya isiwekwe kuwa ya kwanza mpaka draiva imejengeka juu yake. Chombo cha DKMS kinajenga draiva upya kila kerneli mpya inapokuja. Kikishindwa, kwa nini tuendelee mbele kana kwamba hakuna kilichotokea? Hilo peke yake lingeiokoa wiki ya yule mama.

Tano. Iende kwa awamu kwa kila aina ya kadi, za zamani zikiwemo. Na mtu aliyerudishwa aweze kutoa taarifa kwa kubofya mara moja, bila mafaili yake kuguswa.

Hayo matano. Kampuni za kadi za picha si maskini, na Canonical na Red Hat wanauza huduma. Sidai kitu kwa kijana anayefunga vifurushi usiku baada ya kazi yake; nawadai waliomwachia mzigo huo.

Mpaka watakapotusikia, msomaji wangu, jilinde. Usiweke beta kwenye mashine inayoleta ugali. Ukiwa na mashine kadhaa, anza na moja na ungoje mpaka ipite sasisho la kerneli, si siku moja tu kama nilivyofanya. Piga picha ya mfumo kwa Timeshift kabla ya kugusa chochote. Sakinisha ssh ili uweze kuingia kutoka mashine nyingine skrini ikifa. Na kwenye faili la /etc/default/grub weka GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu pamoja na GRUB_TIMEOUT=10, kisha endesha sudo update-grub, ili menyu ya kuwashia ionekane kila mara na mtu asitafute Shift gizani. Dakika kumi tu. Ningezitumia mwaka 2023, nisingeandika haya.

Mashine za yule mama leo zinatumia draiva ya kawaida. Nilipomwambia majuzi kwamba kuna toleo jipya ambalo huenda likamaliza ule ugonjwa wa video, alicheka akasema, "Kijana wangu, wacha zikatike."

Sikumlaumu. Lakini fikirini maana yake. Kasoro ya kadi ile iko kwenye mashine tatu hapa Burnt Forest, haitajaribiwa na mtu, haitaripotiwa na mtu, na kule inakotengenezwa draiva watadhani wazi kabisa kwamba haipo.